Kibao Kilichomchongea Villads

Villads Krogh alikuwa amemng'ata konokono wake mara mbili tu alipoona watu mia mbili wanalia. Konokono mwenyewe ni ule mkate wa mdalasini uliosokotwa, na vilio vyenyewe vilikuwa kwenye simu.

Dagny Toft, mchapaji picha wa pale bandarini Aarhus, alikuwa ameweka chapa yake mpya kwenye duka lake la mtandaoni. Minandi Watatu, aliiita: ndege weusi watatu juu ya nguzo za gati, mabawa wazi kama wanaanika makoti. Chapa sitini, kila moja ina namba na sahihi yake kwa penseli. Zilikwisha kwa dakika kumi na moja, na waliochelewa wakabaki kuomboleza chini ya picha.

"Jamani, mimi nilikuwa naoga."

"Nauza figo. Nani ana moja?"

"Dagny, ongeza hata kumi tu, tuhurumie."

Dagny aliwajibu wote kwa mstari mmoja: "Nilisema sitini. Ni sitini."

Villads akaweka konokono chini. Alikuwa mtu wa huruma, Villads. Hakuweza kuona watu wanashika hela mkononi na hakuna wa kuzipokea. Moyo ulimuuma mpaka akaenda kuvaa skafu yake ya njano.

Skafu ile tulikuja kuijua mjini baadaye. Siku akiivaa, Villads hakuwa Villads. Alikuwa daktari wa saa za kale, mwakilishi wa chama cha wafuga nyuki, na mara moja, kwa wiki mbili nzima, mjane. Na popote alipokwenda alikwenda na baiskeli yake ya mizigo, ile ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele, nyekundu, imepakwa nta mpaka ukijiangalia unaweza kunyolea ndevu. Watu wengine wana wake na watoto. Villads alikuwa na baiskeli.

Dagny alimkuta mlangoni pa karakana yake mchana, skafu inapepea.

"Dada Dagny? Villads, kutoka Maonyesho ya Zana za Sanaa. Nimekuja kwa heshima zote."

"Heshima weka hapo kwenye kiti, kahawa iko motoni," alisema Dagny. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mikono imeingia wino mpaka kwenye kucha, na hakuna mtu aliyepita kwake bila kuketishwa na kulishwa mkate wa shayiri na habari za mtaa mzima. "Unatia maziwa? Hutii. Mtu mwenye skafu kama hiyo hatii maziwa. Haya, sema."

Villads akasema. Alisema vizuri sana, kwa robo saa. Kwamba dunia imechoka kuona picha, sasa inataka kuona kilichozaa picha. Kwamba kuna ukumbi, kuna taa, kuna kabati la kioo. Kilichotakiwa ni kibao chenyewe cha Minandi Watatu, kwa wiki mbili tu.

Dagny akakishusha kutoka ukutani. Kibao kile kilikuwa ubao wenye ukubwa wa sinia, umegandishwa lino juu yake, lile zulia gumu la kijivu la sakafuni, na juu ya lino ndege wamechongwa. Palipochongwa hapashiki wino. Palipobaki ndipo panapochapa.

Villads akakitazama kwa jicho la mtaalamu. Akainamisha kichwa, akaguna.

"Kizuri. Ila dada, usinichukulie vibaya. Hapa ulikosea kidogo. Kwenye chapa ndege wanaangalia kulia. Hapa wanaangalia kushoto."

Dagny alisahau hata kumwongezea kahawa. Ukimjua Dagny utajua hilo si jambo dogo. Katika kazi ile hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua kwamba kibao huchongwa kinyume, kama uso kwenye kioo, maana karatasi ikilazwa juu yake picha inageuka. Mtu wa Maonyesho ya Zana za Sanaa asiyejua hilo ni kama mwokaji anayeuliza mbona unga haujaiva.

"Ee," alisema Dagny mwishowe. "Umeona mbali. Wengi hawaioni hiyo."

"Ni macho tu, dada."

"Lakini mimi huwa nakiharibu kibao, kaka. Sitini zikishatoka, nakitia kovu, basi. Niliahidi watu. Nikitoa ya sitini na moja, wale sitini wote nimewadanganya, na mimi sina kingine cha kuuza zaidi ya kuaminiwa. Picha kila mtu anazo."

"Ndiyo maana nataka kukiokoa kabla ya kovu. Hakuna atakayekigusa. Naapa kwa baiskeli yangu."

Alilisema kwa mazoea tu, kama wewe unavyosema wallahi. Lakini Dagny alichungulia dirishani, akaiona baiskeli inang'aa pale nje, akachukua chapa iliyoharibika, akaigeuza nyuma na kuandika. Kisha akamsomea: kibao kikichapa hata karatasi moja kikiwa kwa Villads, baiskeli ni ya Dagny, na mpaka kirudi, baiskeli inalala karakanani.

Villads alipiga hesabu kichwani kwa kasi ya mtu aliyezoea. Baiskeli ni moja. Chapa zinaweza kuwa nyingi kiasi gani? Na nani atajua? Akatia sahihi yenye mikia mitatu.

"Njoo Alhamisi," alisema Dagny. "Ngoja nikisafishe kwanza."

Alhamisi alikikuta kimefungwa kwenye kitambaa.

"Maji nimeyachangamsha kidogo, kule chini ya nguzo," Dagny alimwambia. "Kwa lino unaweza kuondoa, kurudisha huwezi. Basi nikaondoa kidogo."

Villads akafunua akaona, kweli, mikwaruzo midogo kwenye maji, kama sisimizi wamepita na mizigo. Akasema maji yamependeza. Akabeba kibao kwapani na kurudi kwa miguu, mara ya kwanza tangu utoto wake, na kila hatua mia mbili alisimama kuangalia nyuma kama mtu aliyeacha mtoto shuleni.

Mnunuzi alikwisha kumpata. Asger Bredahl alikuwa na hoteli ya vyumba arobaini pale ukingoni mwa mto, na alikuwa miongoni mwa wale mia mbili. Yeye ndiye aliyekuwa anaoga. Bredahl alikuwa tajiri wa aina ile inayobeba sabuni za hoteli nyingine kwenda kuzitia hotelini kwake.

"Kila chumba Minandi Watatu?" alinong'ona Bredahl. "Lakini mwenyewe si alisema sitini zimekwisha?"

"Zimekwisha kwa watu wa kawaida, mzee."

Bredahl alitabasamu. Hakuna neno linalomfurahisha mtu wa kawaida kuliko hilo.

"Ila sikiliza, bwana Villads. Nimesikia zile za mwanzo ndizo zenye thamani. Namba moja juu ya sitini. Mimi nataka namba moja."

"Namba moja iko moja, mzee."

"Basi sitaki. Siwezi kumweka mgeni chumba cha thelathini na saba halafu ajue amepewa namba thelathini na saba. Atajisikiaje? Nataka zote arobaini ziwe namba moja."

Villads amekutana na watu wengi, lakini pale alilazimika kukohoa kwenye skafu. "Nitaongea na mwenyewe," alisema.

Alikuwa na kibanda kwenye bustani za kukodi kule nje ya mji, mahali ambapo watu wa heshima hulima viazi na kupandisha bendera siku za kuzaliwa. Humo akafungua mikebe ya wino, akalowesha rola, akalaza karatasi. Mashine ya kuchapia hakuwa nayo, lakini alikuwa ameona mtandaoni kwamba wengine husugua mgongo wa karatasi kwa mwiko. Akasugua kwa mwiko wa uji.

Ya kwanza ilitoka nyeusi tupu, kama picha ya paka ndani ya gunia. Wino mwingi. Ya pili ndege mmoja alikosa kichwa. Ya tano akaanza kuelewa: wino kidogo, mkono mwepesi, sugua kutoka katikati kwenda nje. Alitupa nyingi. Siku ya tatu alisahau kula. Siku ya nne alijikuta ananyanyua kona ya karatasi taratibu, pumzi ameibana, na ndege watatu wakatokea safi, kila unyoya mahali pake, na Villads Krogh akasema peke yake, "Tazama hiyo." Hakuna aliyekuwepo wa kudanganywa. Alilisema hivyo hivyo.

Kwa bahati mbaya zile za mwanzo, zilizojaa wino, zilikuwa zimemeza mikwaruzo yote ya majini. Kadiri mkono wake ulivyokuwa mwepesi ndivyo mikwaruzo ilivyojitokeza. Lakini yeye alikuwa anawatazama ndege.

Alichagua arobaini bora. Akaandika 1/60 mara arobaini, na sahihi ya Dagny mara arobaini, akazikunja na kuzipeleka hotelini kwa miguu.

Bredahl alizitandaza juu ya meza ya kifungua kinywa, kati ya siagi na mayai. Akatoa kioo cha kukuzia, kile anachokagulia mashuka.

"Namba moja," alisema. "Namba moja. Namba moja. Safi sana." Alifika kwenye ya mwisho, iliyotoka vizuri kuliko zote, kioo kikateleza kutoka kwenye namba kikaingia majini. "Hapa pameandikwa kitu."

"Ni mawimbi, mzee."

"Mawimbi yana herufi?" Bredahl akavaa miwani juu ya miwani. Akasoma polepole, kidole kinafuata. "Mimi si... mimi si wa Dagny. Aliyeniuza... hajui kusoma kinyume."

Mgeni mmoja aliyekuwa anapasua yai aliacha kulipasua.

Villads hakukaa katika kazi ile miaka ishirini bure. "Umeipata," alisema, sauti imeshuka kwa heshima. "Nilitaka uigundue mwenyewe. Hilo ni shairi. Wachapaji wakubwa wote sasa wanaficha mashairi. Hizo zenye shairi ndizo adimu."

"Adimu?" Macho ya Bredahl yakarudi kung'aa. "Bei itapanda?"

"Mimi ningekuwa wewe ningelipa upesi kabla haijapanda."

Bredahl alikuwa ameshaingiza mkono kwenye koti kutoa simu ya kulipia. Kioo, maskini, kilikuwa bado mkono wa pili, na kikateleza mstari mmoja chini.

"Na hapa pana namba ya simu," alisema. "Ukinisoma, nipigie. Shairi lina namba ya simu, bwana Villads?"

Akapiga. Dakika kumi baadaye ikasikika kengele nje, ile kengele ya shaba ambayo Villads mwenyewe alikuwa anaing'arisha kila Jumapili, na Dagny akashuka kwenye baiskeli nyekundu.

"Hujambo kaka," alimwambia Villads. "Maonyesho yamefungwa mapema?"

"Dada Dagny, hebu nikueleze..."

"Kaa, unywe kahawa kwanza. Bwana Bredahl, mpe kahawa, huyu hatii maziwa." Alizipitia zile chapa moja moja, bila haraka. "Habari zako nilizisikia kwa mfinyanzi wa Nyborg. Kwake ulijiita mjane. Aliniambia: Dagny, akija mtu na skafu ya njano, mpe anachotaka, ila mpe kwa maandishi. Nami kibao lazima nikitie kovu, si ndiyo kawaida yangu? Kovu langu mwaka huu likawa maneno. Chapa isiyo na maneno ndiyo yangu, nazo ni sitini. Yenye maneno si yangu. Sijamdanganya mtu."

"Mimi je?" alisema Bredahl. "Nimeletewa bandia hotelini kwangu."

"Wewe umewekewa namba moja arobaini mezani, ukazikubali. Nyamaza ule yai."

Bredahl akala yai.

Dagny alikuwa amefika kwenye ile iliyotoka vizuri kuliko zote. Akaipeleka dirishani, akaigeuza kwenye mwanga. "Hii ulitumia nini? Mwiko?"

"Mwiko wa uji," alisema Villads, kwa sauti ndogo.

"Umesugua vizuri. Mbwa wewe, umesugua vizuri kweli."

Katika miaka yake yote Villads alikuwa amesifiwa na watu wengi, lakini siku zote aliyesifiwa alikuwa mtu mwingine. Akakosa pa kuweka mikono. Dagny akachukua kibao, akachukua chapa zote arobaini, akazipanga ndani ya sanduku la baiskeli, na kabla hajaondoka akaonyesha ile karatasi yenye sahihi ya mikia mitatu, kwa adabu tu, maana hakuna aliyebisha. Tulimwona Villads anasimama kwenye ngazi za hoteli, skafu mkononi, anaisikiliza kengele mpaka ilipokata kona.

Dagny hakuzichoma zile chapa. Karatasi nzuri vile haichomwi. Alizikata na kuzikunja zikawa bahasha, kila bahasha ina kipande cha ndege na kipande cha maneno, akaziweka kwenye duka lake na kueleza kisa chote kwa mistari mitano. Bahasha Arobaini za Mwizi, kazi ya mkono, mchapaji hakutaka jina litajwe. Mji mzima ulilijua jina kabla ya chakula cha mchana.

Zilikwisha kwa dakika nane. Vilio vikaanza chini yake. Mmoja alikuwa anaoga tena.

Na chini kabisa, baada ya vilio vyote, kulikuwa na mstari kutoka kwa mtu asiye na picha, aliyefungua ukurasa siku hiyo hiyo.

"Dada, naomba moja tu. Ile yenye kichwa cha ndege wa katikati. Nitalipa bei yoyote. Nina sababu zangu."

Dagny akamjibu kabla kahawa haijapoa.

"Pole sana, kaka. Nilisema arobaini. Ni arobaini."