Jua Lote Hili na Friji Haipozi

Jumatatu, 3 Agosti

Nimedharauliwa ndani ya gari langu mwenyewe. Tena mbele ya mama mkwe!

Niandike yote, ili siku moja ukweli ujulikane. Gari-nyumba langu lina kila kitu: vitanda vitatu, jiko, sinki, meza ya kukunja, friji ndogo. Nililinunua nilipostaafu. Tangu hapo mke wangu hulipanda kufagia tu. Sasa binti yetu kajifungua, mbali, safari ya siku mbili, na mama mkwe anataka kumbeba kitukuu wake. Nikasema twende na gari-nyumba. Vigelegele! Kisha mke wangu akauliza insulini ya mama itakaa wapi. Kwenye friji, nikasema. Na tukiegesha, friji itaendeshwa na nini? Betri, nikasema. Kwa muda gani?

Hapo akaingia shemeji. Hakuna aliyemwita. Ni mdogo wake mke wangu, fundi umeme, mtaa mzima unamwita Injinia ingawa chuo alikiona kwa nje. Akasema betri ile haitafika asubuhi. Tunahitaji paneli ya sola ya kubeba, ile inayokunjwa kama begi, naye angekuja kuifunga Jumatano. Nikamkumbusha kwamba nimekaa miaka ishirini na miwili kwenye maabara ya sekondari. Akauliza, huku anatabasamu, kwani sikuwa mtunza stoo?

Mtunza stoo wa nini? Wa vifaa vya sayansi! Betri ngapi zimepita mikononi mwangu?

Nimesema nitaifunga mwenyewe. Mke wangu naye kaweka sharti: Ijumaa jioni friji isipokuwa baridi, yeye na mama wanapanda basi. Mimi nabaki kulinda nyumba.

Kulinda nyumba! Kama mbwa!

Jumanne, 4 Agosti

Nimenunua paneli. Nzuri mno. Inakunjuka mara nne, ina miguu yake nyuma, na kijisanduku kidogo kiitwacho kontrola, cha kuzuia betri isizidishiwe chaji. Muuzaji alitaka kunisomea karatasi ya maelekezo neno kwa neno. Nimemkatiza. Mtu mzima hasomewi.

Waya wake una ncha mbili za kuchagua. Moja ina vibanio viwili, chekundu na cheusi, vya kubana kwenye betri. Nyingine ina plagi ya kuchomeka kwenye lile tundu la kuwashia sigara pale kwa dereva. Kuna mwenye akili atakayelala kifudifudi kutafuta betri chini ya benchi wakati tundu liko hapo mbele yake? Nimechomeka. Taa ya kijani ikawaka! Dakika tatu! Injinia alitaka siku nzima!

Nimemwita mke wangu aone. Akasema hongera bila kuinua macho kwenye vitunguu.

Mama mkwe ndiye aliyetoka. Akaizunguka paneli polepole, akachungulia nyuma yake, akauliza waya unakwenda wapi. Ndani, mama, nikamwambia. Akauliza, ndani wapi? Wazee na udadisi wao. Nikamfafanulia kwa lugha nyepesi: jua linapiga paneli, joto linashuka kwenye waya, likifika ndani linageuka umeme.

Akasema, “Ahaa.”

Amefurahi kuelimishwa.

Jumatano, 5 Agosti

Hujuma!

Paneli imekaa juani tangu asubuhi. Taa ya kijani kutwa nzima. Saa kumi na moja jioni nafungua friji mbele ya mke wangu nimpe maji baridi. Ameonja. Amesema yanafaa kuogeshea mtoto mchanga, tuyapeleke hivyo hivyo.

Nimechunguza. Nimegundua. Taulo mbili zimeanikwa kwenye pembe ya paneli! Mke wangu anasema hajawahi kupata pa kuanikia pazuri kama pale. Nikamweleza kwamba kivuli kidogo tu kinanyonga paneli nzima. Akajibu kwamba taulo kazianika saa kumi, je, kuanzia asubuhi paneli ilikuwa inangoja nini?

Sikupenda sauti yake.

Jambo la ajabu: gari limewaka leo kwa mguso mmoja, na kwa kawaida hunung’unika kama mtu aliyeamshwa. Nimeandika tu. Halihusiani.

Alhamisi, 6 Agosti

Adui wa kweli ni mti wa jirani. Jirani yetu ni mwalimu wa kwaya, na tawi lake moja limevuka ukuta na kuingia kwenye anga yangu. Kuanzia saa nane kivuli chake kinaigusa paneli. Nilimwendea kistaarabu. Akasema mti huo kaupanda marehemu baba yake. Nikasema simgusi marehemu, nataka tawi tu. Akafunga mlango.

Nikapanda ngazi na msumeno. Upande wangu wa ukuta! Haki yangu! Tawi lilipaswa kuanguka kwangu. Likaangukia banda lake la kuku. Sasa ana kuku sita barabarani na sauti ambayo sasa naelewa kwa nini walimpa kwaya.

Nikiwa bado ngazini, shemeji akapita na pikipiki. Akasimama. Akatazama waya, hata sekunde kumi hazikutimia. Akasema kwa upole, na upole wake ndio unaoniumiza, kwamba gari lina betri mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine ya mambo ya nyumba, yaani taa, pampu na friji. Lile tundu la sigara ni la betri ya injini.

“Shemeji, umeilisha betri ya injini siku mbili mfululizo,” akasema. “Imevimbiwa hiyo.”

Nikamjibu kwamba nilijua. Nilianza na ya injini kwa makusudi, maana gari lisipowaka safari hakuna. Akasema sawa. Akajitolea amalize kazi kwa nusu saa. Nikakataa. Akajitolea kuniachia mita yake ya kupimia umeme. Nikakataa. Kaiacha kwa mama yake.

Mke wangu kapiga simu kituo cha basi kuulizia nafasi. Kapiga akiwa amesimama karibu yangu, kwa sauti.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku ya mwisho. Betri ya nyumba iko chini ya benchi, na juu ya benchi alikuwa amekaa mama mkwe, anajaribu ulaini wake. Nikamwomba ahame. Akahamia kitandani, akakunja mikono, akawa anatazama.

Nililala kifudifudi. Nikaamua kwanza nifungue nyaya mbili nene za betri nizisugue ncha, maana kazi ikifanywa ifanywe vizuri. Nikazisugua. Zikang’aa. Kuzirudisha ndipo nikaikuta hila: chanya ipi, hasi ipi? Hakuna alama! Mwaka jana nilipaka sanduku lote la betri rangi ya kijivu, na betri yenyewe, na nyaya zenyewe, ili papendeze. Kwa nini watengenezaji wanaweka alama zinazokubali kupakwa rangi? Huo ni uzembe!

Nikachagua.

Cheche! Pa! Harufu ya plastiki! Taa ya dari ikamulika mara moja ikazimika, nami nikagonga kisogo kwenye benchi.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema, “Toa mkono, baba. Chomoa na paneli.” Nikachomoa. Akashuka kitandani, akaomba kisu na plaizi, akapiga magoti pale chini kama msichana. Akakwangua ile rangi yangu taratibu mpaka alama ya kujumlisha ikatokea. Akatoa mita ya mwanawe kwenye mkoba wa dawa, akapima kuhakikisha. Akazifunga nyaya zinavyostahili, akachomoa fyuzi iliyoungua, akaweka ya akiba. Halafu vibanio: kwanza kontrola kwenye betri, chekundu kwa chanya, cheusi kwa hasi. Ndipo akaniruhusu kuunganisha paneli.

Akaniruhusu!

Friji ikaanza kunguruma. Saa nne asubuhi.

Nikamuuliza kajifunzia wapi. Akasema alipofiwa na mume alichaji simu za nusu ya kijiji miaka kumi na mmoja, kwa paneli tatu juu ya paa la jiko, na ndizo zilizosomesha watoto. “Huyo mnayemwita Injinia, ulidhani nani kamfundisha?”

Mbona hakusema siku zote hizi?

“Hukuniuliza. Ulikuwa unanieleza habari za joto.”

Nilitoka nje kukagua matairi. Yalihitaji kukaguliwa kwa muda mrefu.

Saa kumi na mbili jioni mke wangu kafungua friji, katoa glasi, kanywa, kashika meno kwa baridi. Kamkumbatia mama yake. Tunakwenda sote! Hakuna aliyemkumbuka mtu aliyenunua paneli.

Jumamosi, 8 Agosti

Njiani. Tumepumzika mchana kando ya kituo cha mafuta. Mama mkwe kakaa kwenye kiti cha kukunja na mimi natumwa kugeuza paneli kila jua linaposogea. Kushoto kidogo. Inua kidogo. Hapo hapo. Miaka ishirini na miwili ya maabara!

Madereva wawili wa malori wamekuja kushangaa. Nikawaeleza mfumo wangu kwa kirefu, hatua kwa hatua. Mmoja akauliza kama ni kazi ngumu. Nikasema kwa asiyezoea, ndiyo. Mama mkwe akapaliwa na chai.

Jumapili, 9 Agosti

Tumefika! Insulini baridi kama ilivyotoka kwa mfamasia. Mama mkwe kambeba kitukuu wake, kakaa naye dirishani saa nzima, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni na hayafuti. Hata mimi nilipatwa na kitu machoni. Vumbi la safari. Mtoto ana paji langu la uso, kila mtu kaliona ila mke wangu.

Jioni nikamsimulia mkwe wangu, mume wa binti yetu, jinsi nilivyofunga sola. Kijana msikivu. Akasema wao pampu ya kupandisha maji kwenye tangi inakula umeme vibaya. Nikamuuliza kwa nini asiiendeshe kwa paneli. Akasema hajui kama pampu ile inakubali.

Inakubali! Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amesinzia.

Jumatatu, 10 Agosti

Sikuwahi kuona familia isiyo na shukrani kama hii.

Nimeamka kukipambazuka nikawafungia pampu kwenye paneli, bure, bila kuombwa. Imelia mara moja, sauti ya mbuzi, ikanyamaza. Pampu mbovu! Ingekufa wiki hii hata nisingeigusa! Sasa nyumba haina maji, kuna mtoto wa siku tisa, nepi zimejaa beseni, na mkwe wangu anabeba ndoo kutoka kwa majirani huku ananiamkia kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri.

Binti yangu kaniomba nikapumzike ndani. Kaniomba mara tatu. Mke wangu hakuomba.

Kwa hiyo nimekaa sebuleni, peke yangu, naandika. Dirishani namwona mama mkwe kakunja mikono ya gauni, kainama kwenye pampu. Akikwama ataniita.

Hakuna haja ya kukaa bure. Feni ya dari ya humu ndani inazunguka polepole mno kwa nyumba yenye mtoto mchanga. Nimesimama kwenye kiti nikaitazama. Nyaya zake ni chache tu. Haiwezi kuwa kazi kubwa.