Pawabenki ya Mchanga na Mlango wa Nyumba ya Baba

Kwa Ndugu Msimamizi,
Duka la Vifaa vya Umeme,
Kona ya mtaa, chini ya bango jekundu la punguzo.

Ndugu Msimamizi,

YAH: PAWABENKI ILIYOSHINDWA KUMALIZA UBISHI

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema na chaji ya kutosha. Mimi ni mteja wako, yule mzee wa koti la kijivu ambaye muuzaji wako wa kaunta humwita Babu Miwani. Huko nilikotoka, kabla mambo hayajaharibika na kila mtu akashika njia yake, nilikuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Kazi yangu ilikuwa kuinua sahani ya mizani na kutazama kama chini yake kuna jiwe lililobandikwa kwa nta. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba ninapolalamikia kipimo, sibahatishi.

Nilinunua kwako pawabenki, zile nyeusi zilizopangwa mlangoni kama matofali, zenye punguzo la asilimia themanini. Niliihitaji kwa shughuli moja tu. Dada yangu mkubwa anaishi nchi nyingine, mbali na hapa na mbali na kwetu. Kila Jumapili alasiri tunapigiana simu, na kwa miaka mingi tumebishania jambo moja: mlango wa mbele wa nyumba ya baba ulitazama mawio au machweo? Mimi nasema mawio. Yeye anasema machweo. Nyumba haipo tena, majirani hawapo, na waliobaki wa kuulizwa ni mimi na yeye. Ningependa kushinda kabla hatujafa, au angalau kabla sijafa mimi.

Simu yangu ni kuukuu, na katika jengo letu mtandao hushika mahali pamoja tu: kwenye ngazi, chini ya dirisha la ghorofa ya tatu, ambapo hakuna soketi. Ndiyo maana nilikuja kwako, na ndiyo maana leo nina malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu uwezo. Boksi linasema 50,000 mAh, na kwamba kifaa kitaijaza simu mara kumi na mbili. Simu yangu haijawahi kujazwa hata nusu ya mara moja. Hilo ningelivumilia, kwani nami nimeahidi mengi ujanani. Ila kifaa chako kina tabia ya kuchagua wakati. Dada anaanza: "Sasa nisikilize vizuri, mdogo wangu, ushahidi wenyewe ni kwamba siku ile mama alipoanika..." Kimya. Simu imezima. Jumapili inayofuata ananipokea kwa moto: "Umenikatia! Mtu akiishiwa hoja hukimbilia kitufe!" Ndugu Msimamizi, sijawahi kumkatia dada yangu simu. Kwanza ni mkubwa wangu, pili namwogopa. Na hadi leo sijui mama alianika nini.

2. Kuhusu bei ya zamani. Kwenye kibandiko kuna bei kubwa iliyopigwa mstari mwekundu, na chini yake bei ndogo ya punguzo. Mimi hupita mbele ya duka lako kila asubuhi nikienda kununua mkate, na tangu bango lilipotundikwa sijaiona bei ile kubwa bila mstari wake. Nadhani ilizaliwa ikiwa imeshapigwa mstari. Kama kuna binadamu aliyewahi kuilipa, naomba nielekezwe kwake nikampe pole.

3. Kuhusu sola. Boksi linasema pia kwamba inajichaji kwa jua, basi nikaiweka pawabenki dirishani juani kutwa nzima. Jioni ilikuwa ya moto kiasi cha kulainisha siagi, lakini chaji haikuongezeka. Nikaukwaruza uso wa sola kwa ukucha. Ukabanduka. Ni picha ya sola.

4. Kuhusu mchanga. Hapa naomba ukae chini. Nilichukua kisu cha mkate nikaifungua. Ndani nilikuta betri moja ya ukubwa wa kidole gumba, na kando yake mfuko wa nailoni uliojaa mchanga, umegundishwa vizuri usicheze. Nilicheka peke yangu hadi miwani ikaanguka, kwa sababu mchanga na mimi tunajuana tangu zamani. Nimeukuta kwenye magunia ya mchele, kwenye sukari, na mara moja ndani ya mto wa kulalia. Sikutarajia kuukuta ndani ya umeme. Tena siku ya kununua niliipima pawabenki yako kwa kiganja, kama nilivyozoea, nikasema moyoni: uzito huu si wa uongo. Na kweli haukuwa wa uongo. Ulikuwa uzito halali wa mchanga. Lalamiko langu ni kwamba boksi limetaja tochi, limetaja chaji ya haraka, limetaja hata kutoingia maji, ila mchanga, ambao ndio sehemu kubwa ya bidhaa na ndiyo pekee inayofanya kazi yake barabara, haukutajwa popote. Huko ni kuudhulumu.

5. Kuhusu taa nne. Taa nne za pembeni, ambazo kazi yake ni kuonyesha chaji iliyobaki, huwaka zote nne wakati wote. Zilikuwa zikiwaka simu ilipozima. Zilikuwa zikiwaka nilipokuwa naondoa mchanga. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Sasa naona wakati mwingine linawaka pia.

6. Kuhusu amani ya jengo. Kwa kuwa ubishi wetu hufanyika ngazini kwa sauti ya wazee wawili wenye masikio mazito, wapangaji wote wameusikia, na kwa kuwa haumaliziki, wameuchukua mikononi mwao. Muuguzi wa ghorofa ya nne akirudi kazini huniuliza, "Mzee, leo mmefika wapi? Bado mko mlangoni?" Yeye yuko upande wa machweo. Fundi cherehani wa chini yuko upande wa mawio, tena kwa ukali kunishinda mimi niliyezaliwa humo: "Baba yako alikuwa na akili zake, Mzee. Mtu mwenye akili hujenga mlango wa mawio!" Muuguzi alipomjibu kwamba mlango wa mawio ni wa watu wasiojua kulala, fundi alimrudishia gauni lake bila zipu. Juzi tulifanya mkutano kuhusu bomba linalovuja uani. Watu wa mawio walikaa upande mmoja, wa machweo upande mwingine, na kila fundi bomba aliyependekezwa na hawa alikataliwa na wale. Bomba bado linavuja. Ukifuatilia maji hayo hadi chanzo chake, Ndugu Msimamizi, utafika dukani kwako.

Kutokana na hayo, naomba nibadilishiwe pawabenki nipewe nyingine yenye nguvu za kutosha ushahidi mmoja kamili wa mwanamke anayependa kuanzia mbali. Naomba pia barua yenye muhuri wa duka, imthibitishie dada yangu kwamba sikumkatia. Boksi lichapishwe upya na kutaja mchanga, ikiwezekana na aina yake. Tena naomba mje mtengeneze bomba. Zipu nitaizungumzia mwenyewe.

Nakutakia biashara njema yenye mizani iliyonyooka. Nisalimie muuzaji wa kaunta, mwambie miwani ni ile ile. Nisalimie mlinzi wa mlangoni ambaye hunishikia mwavuli, pamoja na wote wa nyumbani kwako. Na yule aliyelipa bei kamili, akitokea, naye msalimie sana.

Ni mimi, ninayesubiri nikiwa na asilimia sita,

Mkaguzi wa Mizani (mstaafu),
Ghorofa ya tatu, karibu na dirisha.

Tanbihi: Kabla sijaileta barua hii, yametokea mambo. Mchanga wako niliumwaga kwenye sinia ya chai, nikachora nyumba yetu kwa kidole: vyumba viwili, ua, kisima, na mlango ukitazama mawio. Muuguzi, ingawa ni mtu wa machweo, aliipiga picha akaituma kwa dada. Jumapili akaniazima pawabenki yake, ndogo kama boksi la miswaki, imeandikwa 10,000 tu kama inayoona haya. Haikuzima. Dada aliitazama picha, akasema, "Enhe. Kumbe mawio. Umeshinda, mdogo wangu."

Baada ya hapo tukaulizana hali ya hewa. Kwake kulikuwa na mawingu. Kwangu pia. Akasema, "Haya, tutaongea," akakata yeye. Jumapili iliyofuata hakupiga. Nilikaa ngazini na chaji tele hadi dirisha likawa jeusi, na muuguzi alipopita hakuniuliza kitu.

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote sita. Naomba pawabenki nyingine ya aina ile ile, mchanga wake ukiwemo, bila marekebisho yoyote. Nimekichunguza tena kifaa chako kwa macho ya mkaguzi, na naona kipimo chake ni sahihi kabisa: kinatosha kuanzisha ubishi na hakitoshi kuumaliza. Kwa hilo hata bei ile iliyopigwa mstari ningeilipa.

Fanya haraka, tafadhali. Jana niliisawazisha sinia, nikachora mlango ukitazama machweo, nikamtumia dada picha na kumwandikia kwamba huenda mimi ndiye niliyekosea. Kabla sijaishusha simu akapiga: "Usinibembeleze! Ni mawio, nimeuona kwa macho yangu, na siku ile mama alipoanika..."

Simu ikazima. Sasa yeye ni mawio na mimi ni machweo, fundi cherehani hanisalimii, na Jumapili inakuja.