Maua Sita ya Mama Mkwe

Leo uso sina, jamani. Nimeuacha kwa mama mkwe, mtaa wa Lizaboni, ndani ya beseni la bluu.

Nimemwoa Fides mwaka mmoja na miezi mitatu sasa. Mama yake, mwalimu mstaafu, ni mtu mwema kupita kiasi, na wema huo ndio unaonitesa. Nikifika kwake ananiita "mgeni wetu". Nakalishwa kwenye kochi kubwa, naletewa soda baridi, nawashiwa televisheni. Nikinyanyuka kurudisha hata glasi yangu anashtuka: "Aa, mgeni wetu, kaa!" Shemeji yangu aliyemwoa dada yake Fides anatumwa dukani akalete chumvi kama mtoto wa mle ndani. Namwonea wivu. (Mtu mzima na ndevu zangu, namwonea mtu wivu kwa sababu ya chumvi.) Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo sijatumwa na mama. Ndiyo shida yangu, nimeisema.

Basi leo tumefika saa tatu asubuhi. Shikamoo, marahaba, karibu mgeni wetu. Mama alikuwa na furaha ya ajabu. "Wenzangu wa jumuiya wanakuja saa nne," akasema, "kuna kitu changu nataka wakione." Sikuuliza kitu gani. Fides akaingia jikoni kukaanga maandazi, mama akaenda kuoga, mimi nikaachwa na kochi.

Nikachungulia dirishani. Mbele ya nyumba, pale jua linapopiga mchana kutwa, kuna kitalu cha mawaridi ya mama. Katikati ya mawaridi, nikaona vitunguu.

Sasa mnanijua. Mimi ni mtu wa Mpitimbi. Baba yangu kalima vitunguu bondeni tangu sijazaliwa, na mimi navilima mpaka leo. Na vitunguu vya mama, jamani, vilikuwa mahututi! Majani yameanza kuwa ya njano na kulala. Mabua yamenifika kifuani, kila bua limebeba kichwa cha ua kilichofumba. Kila mkulima anajua: kitunguu kikitoa ua, chini kinakuwa mti mtupu, hakiliki. Dawa yake ni moja tu, unavunja bua mapema.

Nikatoka. Ili nihakikishe, nikapekecha jani, nikanusa. Kitunguu! (Kitunguu kilichopandwa katikati ya mawaridi, kikawekewa mawe meupe kukizunguka. Akili yangu haikuniuliza hata swali moja.)

Nikasema moyoni, Gaspari, leo ndiyo leo. Leo mama ataona kwamba hakumwoza binti yake kwa pambo la kochi.

Nikavunja la kwanza. Ko! La pili. La tatu lilikuwa limeanza kupasuka, na ndani nikaona rangi ya zambarau. Badala ya kusimama nikaongeza kasi, maana nilihisi nimechelewa. La nne, la tano, la sita. La saba lilikuwa fupi, limejificha nyuma ya waridi, nikachomwa na mwiba nikaliacha. (Mungu aubariki ule mwiba.)

Nikatafuta beseni, nikavipanga vichwa vyangu vizuri, nikaingia navyo ndani. Nikakuta akina mama watano wa jumuiya wameshakaa, wamepita mlango wa uani. Mama yuko katikati yao, kitenge kipya, mikono inazungumza: "...mwaka wa tatu huu nasubiri! Sista aliponiletea aliniambia ni maua ya nchi za baridi, ukoo mmoja na kitunguu, yatafika kifuani, yatakuwa na kichwa kama mpira. Mwaka wa kwanza, majani tu. Wa pili, majani tu. Nikaambiwa, yadanganye kwamba kuna baridi kali. Nikaweka vile viazi vyake vya mizizini kwenye friji wiki kumi!"

"Kwenye friji!" akina mama wakashangaa.

"Wiki kumi, pamoja na soda za mgeni wetu! Sasa mwaka huu, njooni muone..."

Akageuka. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, na maneno yalikuwa njiani, sikuweza kuyarudisha.

"Mama," nikasema kwa sauti ya mtu anayesubiri kupigiwa makofi, "vitunguu vyako vimepona!"

Fides katokea jikoni na mwiko mkononi, kaona beseni, karudi jikoni. (Mke wangu wa ndoa. Kwa shida na raha.)

"Yesu na Maria," akasema mmoja wao, Mama Aidani, taratibu. "Mwalimu, ndiyo yale?"

Mama akanyanyuka, akachukua kichwa kimoja kutoka kwenye beseni, akakishika viganjani kama kifaranga. Macho yake yakajaa machozi. Mimi nikatamani sakafu ipasuke. Nikapiga magoti, beseni na vyote.

"Umevunja yote?"

"Sita, mama. Limebaki moja. Nilidhani... Kwetu tunayavunja, mama. Nisamehe."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Kumbe anacheka! Kacheka mpaka kajishikilia kwa Mama Aidani. "Jamani, marehemu mume wangu mwaka tuliooana alinipalilia karoti zote akidhani ni majani! Nyumba hii Mungu ameinyima wanaume wa bustani!"

Kisha akajifuta macho, akanikazia uso. Uso wa mwalimu.

"Gaspari!"

Hajawahi kuniita jina langu. Hata siku ya harusi.

"Naam, mama."

"Mgeni hawezi kunifanyia hivi. Anayeweza kunifanyia hivi ni mtoto niliyemzaa. Inuka! Tia maji kwenye ndoo, yatumbukize hayo, huenda yakafunguka. Ukimaliza, kakate miti ulizungushie uzio lile moja lililobaki. Na Jumamosi ijayo uje saa moja, na nguo za kazi, nikufundishe ua ni nini."

Jamani, nilitoka mbio kwenda bombani. Machozi yananitoka, na si kwa ajili ya kitunguu.

Basi niko hapa juani najenga uzio wa ua moja, akina mama watano wamehamishia viti barazani wananitazama. Tafadhali ninyi msicheke, hawa wanatosha.