Yah: Kuchorwa Mtu Mwema Bila Ridhaa Yangu

Wolfgang Bura,
Mashine ya Kusaga, Singe,
Babati.
Machi, 2013.

Kwa Ndugu Edward, Mhariri,
Jarida la Kwaraa Yetu,
Babati Mjini.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka kwa mtu usiyemjua, ingawa unadhani unamjua. Mimi ni mzima, mashine inasaga, na mahindi ya mwaka huu hayana wadudu wengi. Nimesikia umekalia kiti cha uhariri hivi karibuni, kwa hiyo nitaeleza toka mwanzo ili usije ukasema hukuelewa.

Kabla mkoa huu haujazaliwa nilikuwa na jina langu. Lilikuwa jina baya, lakini lilikuwa langu, na nililipata kwa jasho. Watu walijua kwamba Wolfgang wa mashine hamfungulii aliyechelewa, hasikilizi visingizio na hapigi soga. Mlangoni nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu: USIULIZE. Wanawake waliokuja kusaga walinipa shikamoo wakiwa bado ng'ambo ya barabara, nami niliitikia marahaba nikiwa nimewapa mgongo. Tulielewana vizuri sana.

Kisha Manyara ikatangazwa kuwa mkoa na Babati ikawa makao makuu. Watu wakaanza kushuka kwenye mabasi, kila mmoja na godoro lake na vyeti vyake kwenye bahasha. Mmoja wao alikuwa Herieli, kijana mwembamba kutoka Same, pamoja na mkewe Kindness. Alikuja kutafuta ukarani, akaukosa, akaanza kuandika majina kwenye milango ya ofisi. Kazi haikumpungukia, maana ofisi zile mpya zilikuwa zikihamahama, na kila zikihama mlango ulihitaji jina jingine. Akapanga kibaraza kinachotazamana na mashine yangu. Asubuhi alichora mabango. Mchana, kazi ikilala, alikaa pale na kalamu akinitazama mimi. Nilidhani ana ugonjwa wa macho.

Kumbe alikuwa anatunga katuni, na katuni hiyo ikatoka katika jarida lenu kwa jina la Mzee Kinu. Huyo Mzee Kinu ana mashine ya kusaga. Ana pengo la jino la mbele, sweta lililotoboka kiwiko, na kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka. Mimi pia. Tofauti yetu ni moja tu: Mzee Kinu ni mtu mwema.

Nilivuka barabara kwenda kumwuliza. Akasimama, akanipa shikamoo, akasema, "Baba Otilia, huyo si wewe. Huyo ni mtu aliyeazimwa mashine yako." Otilia ni binti yangu wa kwanza, na kuitwa kwa jina lake kulinifunga mdomo. Nikarudi kazini. Hapo ndipo nilipopotea, Ndugu Mhariri, na kero zilizofuata ni hizi.

1. Kusalimiwa. Katika toleo moja Mzee Kinu alimsagia mjane mahindi yake mvua ikinyesha, akamsindikiza na mwavuli. Juma halikuisha, watu wakaanza kunisalimia kwa karibu. Wakaniuliza nimeamkaje, nyumbani hawajambo, na kifua kinaendeleaje. Mtu akikuuliza kifua kinaendeleaje huwezi kumfungia mlango usoni, inabidi kwanza umjibu. Ukishamjibu, gunia lake limeshaingia ndani. Mvua ya kwanza iliponyesha, wanawake kwenye foleni walinitazama kisha wakautazama mwavuli wangu uliokuwa ukutani. Niliwasindikiza wote.

2. Kiboko. Herieli alichora Mzee Kinu akimrudisha kiboko ziwani kwa kuzungumza naye. Ukurasa ule ulipendwa mno. Masika ilipokuja, kiboko wa kweli akatoka ziwani akaingia kwenye maharage ya jirani yetu Veronica. Badala ya kuwaita watu wa maliasili, ambao wanalipwa kwa ajili hiyo na wana bunduki, watu walinijia mimi. Nilikwenda kwa sababu walikuwa wengi na sikuona pa kutorokea. Nilisimama nyuma ya uzio wa minyaa, nikasema maneno fulani ambayo kwa kweli yalikuwa sala. Kiboko akamaliza kula, akageuka, akaondoka. Alikuwa ameshiba tu. Lakini mjini ikasemwa kwamba nimemsihi, naye amenisikia. Herieli akachora tukio hilo pia, na safari hii akanichora nimesimama mbele ya uzio.

3. Ndoa ya Sadock. Huyu ni fundi baiskeli wa Sigino. Yeye na mkewe Lukresia walikuwa wamegombana mpaka wazee wao wakaletwa, na wazee waliposhindwa wakawaleta kwangu, kwa kuwa Mzee Kinu alishawahi kupatanisha. Mimi nilikuwa nafunga mkanda wa mashine na sikutaka maneno. Nikawaambia wagawane sufuria, kila mtu apike chake, na wasinisumbue. Lukresia akamtazama mumewe, pengine akamfikiria akisonga ugali, akaanza kucheka. Sadock naye akacheka. Waliondoka wameshikana mikono, na mtoto wao waliyempata baadaye wamempa jina langu. Sasa kuna Wolfgang wawili katika mji huu na mmoja ana meno zaidi yangu.

4. Mke wangu. Hili ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Mama Otilia, yaani Ursula, alikuwa ameishi nami miaka mingi bila kutarajia lolote, na tulikuwa na amani. Alipoanza kukata kurasa za Mzee Kinu na kuzibandika ukutani juu ya meza ya chakula, amani ikaisha. Hakugomba. Alikuwa akila huku anazitazama tu. Siku moja Mzee Kinu alimpasulia mkewe kuni kabla ya kwenda kazini. Kesho yake nilipasua kuni. Tena nilizipanga. Ursula akanitengea chai na kuniuliza kama nimelala vizuri, swali ambalo hakuwa ameniuliza tangu Otilia alipokuwa tumboni. Nakuuliza, Ndugu Mhariri, kwa umri wangu, mtu anaanzaje kujibu swali kama hilo?

5. Kutokufa. Kwa haya yote niliona dawa ni moja: Mzee Kinu afe. Lakini wakati huohuo Herieli mwenyewe akaanza kuumwa mapafu. Kibaraza kikafungwa, akalazwa hospitali. Nilikwenda kumtaka amalize habari ya mzee huyu angali na nguvu za kushika kalamu. Nilibeba uji kwa sababu Ursula asingeniruhusu kutoka mikono mitupu. Herieli alinisikiliza akiwa ameegemea mto, akaniuliza ningependa Mzee Kinu afe kifo gani. Nikamwambia aanguke kutoka juu ya bati la mashine, azikwe, asahauliwe.

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Kindness akaja kumshikilia. Alipotulia akasema, "Nimejaribu, Baba Otilia. Kila nikimchora anaanguka, watu wanamdaka."

Nilirudi tena kesho yake kuendelea na mazungumzo, na siku zilizofuata pia, kila mara na uji. Hatukukubaliana. Mwishoni hakuwa na pumzi ya kubishana, kwa hiyo nilibishana peke yangu, naye akawa ananisikiliza amefumba macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitembea juu ya shuka kama unachora. Alifariki mwezi wa saba mwaka jana, akamwacha Mzee Kinu hai. Mimi naona huo ni uzembe, na nausema hata kama aliyeufanya ni marehemu.

6. Msibani. Kabla mwili haujasafirishwa kwenda Same, watu walikusanyika kumuaga hapa Babati. Uwanja ulijaa watu wa ofisini, wakulima, waendesha bodaboda na watoto wa shule. Wakaniomba niseme neno. Niliona hii ndiyo nafasi ya kueleza umma jinsi nilivyodhulumiwa, na nilikuwa nimejipanga vizuri. Nikasimama, nikavua kofia. Nikasema, "Huyu kijana ameniharibia maisha yangu." Baada ya hapo nikatafuta neno la pili, sikulipata. Upepo wa kiangazi ulikuwa mkali na una vumbi, kama unavyoujua. Nilisimama pale muda mrefu, mpaka Kindness akaja akanishika mkono akanikalisha. Watu walilia sana. Mpaka leo wananiambia kwamba hawajasikia hotuba nzuri kama ile, na mimi sijaitoa bado.

7. Na sasa nyinyi. Mmetangaza kwamba kurasa zote za Mzee Kinu zitakusanywa kuwa kitabu, ili kazi ya Herieli isipotee. Mmetangaza kwamba sura ya Mzee Kinu itachorwa ukutani karibu na stendi, kubwa kuliko mlango. Na mmempa kijana Brayan kazi ya kuendeleza katuni. Yaani aliyenichora ameondoka, lakini mimi naendelea kuchorwa. Watoto ambao hawajazaliwa watanikuta nimeshakuwa mwema, bila nafasi ya kujitetea.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, kitabu kisichapishwe. Kikichapishwa, ukurasa wa mbele uandikwe kwamba mwenye mashine halisi ni mtu mgumu, na kwamba jarida linaomba radhi kwa usumbufu.

Pili, katika picha ya ukutani nivuliwe kofia. Na pengo lijazwe.

Tatu, Brayan aelekezwe kumchora Mzee Kinu kama nilivyokuwa kabla ya mkoa: awe mchoyo, awe mkali, afunge mlango. Asianze polepole, aanze na toleo hili linalokuja.

Nne, kama hayo yote yatashindikana, niruhusiwe siku moja kila juma kuwa mimi mwenyewe. Napendekeza Jumanne. Jarida litoe tangazo, ili nikimkaripia mtu siku hiyo asidhani namtania, maana siku hizi nikikaripia wanacheka na kunishika bega. Sadock alinishika bega wiki iliyopita. Sikulala.

Na tano, mamlaka husika ziamue kwa maandishi: mtu akiazimwa mashine yako, halafu akafa aliyemwazima, yule mtu anarudishwa wapi? Nimeuliza kwa wengi. Wote wanasema nimeuliza jambo la busara, kama Mzee Kinu.

Nakuachia hayo ukiyatafakari. Nisalimie wenzako wote hapo ofisini, mpiga chapa na mke wake aliyejifungua, yule dada wa mapokezi anayeongea kwa upole, na familia yako huko kwenu. Ukimwona Kindness, mwambie Ursula anamngoja Jumapili baada ya ibada, na mimi nitakuwepo, ila asitegemee mazungumzo.

Wako katika kudai haki,

Wolfgang Bura
(si Mzee Kinu)

Nyongeza: Nilikuwa naifunga bahasha Ursula alipoingia na toleo jipya, la kwanza la Brayan. Nimelisoma nikiwa nimesimama. Humo msafiri mwenye kiu anapiga hodi kwa Mzee Kinu kuomba maji, na Mzee Kinu anamfungia mlango. Ndugu Mhariri, hii ni aibu. Mzee Kinu hawezi kufanya hivyo. Angempa maji, angemwuliza ametoka wapi, na angemtafutia pa kulala. Kila mtu Singe anajua hivyo. Tafadhali chapisheni masahihisho haraka kabla watu hawajamchukia bure, na Brayan namtaka aje akae mbele ya mashine atazame vizuri kabla ya kushika kalamu tena. Nimeshampigilia benchi. Liko upande wa kivuli.