Nyimbo Zilizokataa Kufutika

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu ameamua: kompyuta ya zamani apewe mdogo wake, Jumamosi. Shemeji yule! Mdomo wake hauna breki. Na humo zimo nyimbo nilizomtungia dada yake, nikajirekodi chini ya blanketi. Hata mwenyewe hajazisikia. Nimefuta folda nzima ya "Sauti". Pipa la taka nimelimwaga pia. Kwisha kazi!

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kapita kukagua "mali yake". Akajigamba kwamba vilivyofutwa yeye huvirudisha. Chai ikanipalia. Mbio kwa fundi wa kompyuta! Akasema ni kweli: kufuta ni kubandua jina mlangoni tu, mpangaji bado yumo ndani. Dawa ni kuandika takataka juu yake mpaka diski ijae. Akanipa programu. Shemeji atanitambua!

Ijumaa, 7 Machi
Programu inakwenda mwendo wa kobe. Napiga mluzi. Mke wangu akaja, akaomba nimnakilie kwanza sauti ya marehemu mama yake, ile aliyoirekodi wodini. Nikauliza iko wapi. Kwenye "Sauti", akasema.

Nikachomoa waya ukutani. Nikamwambia ukweli wote. Hakugomba. Alikaa kitandani, akaniuliza kama mama ndiyo kaondoka mara ya pili. Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 8 Machi
Kwa fundi, sote watatu. Akasema kilichokwisha kuandikwa juu hakirudi, tuombe Mungu. Ya mama kimerudi kipande: anakohoa, anamwita binti yake "kifungua mimba wangu", anamuuliza kama amekula. Basi. Mke wangu akalia, akasema kinamtosha.

Nyimbo zangu? Nzima, zote! Fundi akazifungulia spika. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Mke wangu hakucheka. Akaomba zirudiwe, akanishika mkono mbele za watu. Nampenda mwanamke huyu, basi tu.

Jumapili, 16 Machi
Shemeji ameufanya wimbo wangu mlio wa simu! Leo kaja kututembelea, kaacha simu mezani, kaingia kuoga. Akili ni mali. Nimeufuta. Kwa uhakika zaidi, nimefuta folda nzima. Ndipo nikakumbuka kwamba mke wangu alimwekea humo nakala ya sauti ya mama. Si kitu, mke wangu ya kwake anayo. Nitaichukua kwenye simu yake kimyakimya, asijue mtu.

Natega sikio. Shemeji bado anaoga. Anaimba wimbo wangu, beti zote.