Maziko ya Injini ya Bibi Velika

Genadi alinusa magari ya zamani kama paka anavyonusa samaki kabatini. Siku hiyo, katika uchochoro mmoja wa mji wa Plovdiv, Bulgaria, akaona bampa ikichungulia chini ya turubai, bandani kwa mjane Bibi Velika. Gari lilikuwa limelala humo miaka ishirini. Genadi akampigia simu daktari mmoja wa Vienna, mkusanyaji wa magari ya kale, akamwapia kwamba injini ni nzima, aje Jumamosi na fedha. Ndipo akabisha hodi.

"Shikamoo, mama. Gari likilala sana huugua. Nilipime afya? Bure, kwa mapenzi tu!"

Majirani wakajaa uani, maana cha bure hakikosi mashahidi. Genadi akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akafumba macho kama padri. Kisha, akijidai anapangusa usukani, akatia gia kimyakimya na kuvuta breki ya mkono. Akarudi mbele, akajaribu kuizungusha injini kwa spana. Haikuzunguka, na ingezungukaje, gia na breki zimeishika!

"Imekufa, mama."

"Imekufa kabisa, mwanangu?"

"Fofofo! Ila nakuonea huruma. Nitakupa bei ya chuma chakavu."

Bibi Velika akajifuta macho kwa aproni. "Gari chukua. Maiti niachie. Marehemu mume wangu aliipenda injini hiyo kuliko mimi. Nitaizika."

Genadi akauma mdomo asicheke. "Izike, mama, hata kwa kengele!"

"Jamani, mmesikia?"

Walisikia. Genadi akalipa, akala ngano ya kuchemsha ya matanga, akashushia pombe kali ya rakia, akajilamba.

Jumamosi akaja na daktari na lori la kukokota. Langoni palikuwa na tangazo la msiba lenye ukingo mweusi na picha ya injini: *Imetutoka ghafla, mikononi mwa fundi Genadi.*

Daktari akafunua boneti. Ndani mlikuwa na shada la mrihani tu. Toka nyuma ya nyumba ukaja mngurumo mtamu: injini ilikuwa ikivuta maji ya kumwagilia pilipili.

"Mama! Si ulisema utaizika?"

"Nimeizika, mwanangu. Mpaka kiunoni, isitikisike. Nilipotoa gia tu, ikafufuka."

"Gia! Umejuaje?"

"Unadhani marehemu alifundishwa na nani kuendesha?"

Daktari alikwisha kumpa kisogo Genadi, yuko bustanini anaibembeleza injini kwa Kijerumani. Bibi Velika akamtazama Genadi, amesimama peke yake kando ya gari tupu, akampigapiga begani.

"Usilie, baba. Bodi hilo nitalinunua mimi. Nakuonea huruma tu: bei ya chuma chakavu."