Kesi ya Bibi Harusi Chini ya Leso

Jumatatu, 6 Agosti 2007

Nimepata kesi! Kesi ya kweli, si ile ya Jumamosi. Kila Jumamosi navaa koti refu na kofia, nashika kioo cha kukuza, kisha nawatembeza watalii pale Rocks, mtaa mkongwe wa jiji hili la ughaibuni, nikiigiza mpelelezi kijana wa enzi za Malkia Victoria. Kila wiki vijiko vya fedha vinaibwa. Kila wiki namkamata mwoka mikate. Sijawahi kukosea.

Kesi yenyewe ni hii. Mbuvi, ninayekaa naye hapa Kensington, Jumapili anakwenda Mount Druitt kumposa mpenzi wake Waceke rasmi. Kwa desturi ya kina Waceke, msichana hufunikwa leso gubigubi pamoja na wanawake wengine, wakapangwa mstari, na bwana lazima amtambue wake. Akishika asiye wake, faini ni mbuzi, na atachekwa mpaka azeeke. Mbuvi halali. Yeye Mkamba, mimi Mkalenjin, mitihani hii ya Wakikuyu ni migeni kwetu. Nimemwambia alale, mtaalamu yupo.

Si urafiki mtupu, nakiri. Mbuvi hajachagua msimamizi wa harusi. Mshindani wangu ni Melchior, Mrundi wa kwaya ya kanisani, mtu wa kutabasamu hata na mashine ya tiketi. Nikimtambua Waceke, usimamizi ni wangu!

Jumatano, 8 Agosti

Nimekwepa lekcha, nimepanda treni mpaka Mount Druitt. Mbinu za enzi zile ni wazi: tazama viatu. Uso utafunikwa, viatu hapana. Waceke na shangazi yake Miriam huviacha vyao kibarazani. Nikajilaza nyuma ya mapipa ya taka na kioo changu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mvua ikanyesha. Sikuondoka! Ilipopungua nikatambaa hadi kibarazani, nikavikagua kimoja kimoja.

Matokeo: raba nyeupe za Waceke, kisigino cha kushoto kimelika upande. Ushahidi mtamu.

Shangazi Miriam akatoka kutupa taka. Akauliza natafuta nini huko chini. Nikasema nimeangusha funguo. Akauliza kama siku hizi funguo zinatafutwa ndani ya viatu vya watu. Ni muuguzi, amezoea kuhoji wagonjwa. Akaniingiza ndani, akanipa chai ya tangawizi, akataka kujua raba za mpwa wake zimenipendezea nini. Nikajibu ni raba nzuri tu. Akasema no worries, mwanangu, akacheka peke yake. Nina hakika hakushuku lolote.

Ijumaa, 10 Agosti

Mafua. Kifua kinanguruma. Hata hivyo nimempa Mbuvi mpango. Mimi nitakagua viatu, kisha nitakohoa kulingana na nafasi ya Waceke kwenye mstari. Akiwa wa tatu, nakohoa mara tatu. Rahisi!

Mbuvi akaniambia, buda, na hicho kikohozi ulicho nacho je? Nikamweleza kwamba kikohozi cha ugonjwa na kikohozi cha kazi ni vitu viwili tofauti. Hakuonekana kuridhika. Melchior naye amempigia simu kumwambia atulie, ale vizuri, avae shati safi. Huo ndio ushauri!

Jumapili, 12 Agosti

Historia lazima iandikwe.

Sebule ilijaa mpaka dirishani. Wanawake saba wakaletwa, leso kutoka kichwani hadi vifundoni. Nikatupa jicho chini. Wa tatu! Raba nyeupe, kisigino kimelika! Nikakohoa. Moja. Mbili. Tatu. Hapo nilipaswa kuacha. Kifua kikakataa. Nne, tano, sita, machozi yakinitoka, mzee mmoja akinipigapiga mgongoni. Mbuvi, maskini, alihesabu kwa uaminifu wote. Akaenda kwa wa sita, akamshika mkono.

Leso ikafunuliwa. Nyanya yake Waceke, amekuja majuzi kutoka Nyeri! Akamkubali papo hapo. Akatangaza kwamba mabega ya kijana yanatosha, na wao wawili waende zao. Vigelegele! Mbuzi wa kwanza.

Nikamnong'oneza Mbuvi: wa tatu, tazama raba. Akamshika wa tatu. Shangazi Miriam! Amejibana ndani ya raba za mpwa wake, vidole vimekunjamana. Alinikodolea macho mimi, si Mbuvi. Mbuzi wa pili.

Mbuvi alikuwa amelowa jasho. Nilimwonea huruma kweli, na aibu ikanishika. Nikataka kumwomba radhi, kikatoka kikohozi, kirefu, na mwisho wake mluzi. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Leso ya mwisho mstarini ikaanza kutikisika, na chini yake mtu akacheka kwa kukoroma kidogo. Mbuvi akageuka kama aliyeitwa jina. Hakunitazama hata kidogo. Akaenda moja kwa moja, akafunua, na Waceke akamwangukia kifuani akicheka na kulia. Nilifurahi mpaka nikasahau kukohoa.

Jumatatu, 13 Agosti

Msimamizi ni Melchior. Mbuvi ameniarifu kwa upole mno. Mimi nitaelekeza magari.

Nimelala kitandani nikipima ushahidi. Nani aliwachekesha watu? Mimi. Nani, basi, alimchekesha Waceke? Mimi. Kwa hiyo nani alimtambua? Kesi imefungwa, na nimeshinda tena.

Linabaki jambo moja. Melchior amechaguliwaje, mtu ambaye hakufanya lolote ila kula na kuvaa shati safi? Jioni hii alikuja kunijulia hali. Ameniletea supu ya kuku, ya moto, ameifunga kwa kitambaa. Mtu asiye na hatia haleti supu. Ameaga sasa hivi, anaelekea kituo cha basi, na mvua imeanza. Nimeimaliza supu yote, tamu sana, na sasa navaa koti nimfuate.